Mahali pa Kukubali

Kila mwaka, mvua za vuli zikishaanza na vumbi la Katubuka likalala, Marsiana hunitumia tangazo. Siku hizi huja kwenye simu: nafasi mbili za masomo na utafiti katika mekanika ya vitu vigumu na sayansi ya malighafi, halafu jina la chuo chake huko kusini, halafu chini kabisa jina lake lenye Dokta mbele. Mimi hulichapa na kulibandika ubaoni, na wanafunzi wangu wa kidato cha sita huja kulisoma wamekunja nyuso kana kwamba wametangaziwa bei mpya ya sukari.

Huniuliza vitu vigumu vina mekanika gani. Nawajibu kwamba ni elimu ya kujua kitu kitavunjika lini kabla hakijavunjika. Wanacheka. Kizazi hiki kinadhani kila analosema mwalimu wa fizikia mwenye mvi ni utani, au ni adhabu.

Sitanii. Elimu hiyo niliipata ndani ya banda la mabati nyuma ya shule tuliyosoma, mwaka ule ambao wakimbizi wa Kongo walianza kurudishwa kwao kwa meli. Banda lenyewe limeshabomolewa, pamejengwa choo. Nikipita pale hugeuza uso upande wa ziwa, si kwa sababu ya harufu, bali kwa sababu nalikumbuka banda.

Tulikuwa tumemaliza mitihani ya kidato cha sita, mimi na Marsiana, tunasubiri matokeo. Nyumbani kusubiri maana yake ni kupika, kufua na kutumwa. Mwalimu Amuri, aliyetufundisha fizikia, Mmanyema wa Ujiji mwenye sauti ndogo na subira kubwa, akatuonea huruma akatupa ufunguo wa lile banda. Ndani mlikuwa na madawati mabovu na mashine aliyoiunda mwenyewe ya kuvutia vitu. Naiita mashine kwa heshima tu. Ilikuwa boriti, ndoana, na ndoo. Unafunga waya kwenye boriti, unaning'iniza ndoo chini yake, unamimina mchanga wa ziwani kidogo kidogo, na pembeni sindano iliyofungwa kwenye waya inakuonyesha kwenye rula waya umerefuka kiasi gani. Ndoo tuliipima kwa mizani ya mjomba wangu, mnunuzi wa dagaa kule Kibirizi, kwa hiyo utafiti wetu wote ulinuka dagaa.

Tulivuta kila kitu. Waya wa uzio, uzi wa nyavu, kamba tulizosokota kwa nyuzi za mchikichi, hata utepe wa nywele zangu, ambao Marsiana aliukata kwa mchanga kidogo mno akasema sasa anaelewa kwa nini sisuki vizuri.

Tatizo lilikuwa maneno. Marsiana alikuwa amesomeshwa kwa Kifaransa kwao Baraka, ng'ambo ya ziwa huko Kongo, na kambini pia, kabla mama yake hajamtoa kambini na kuja kuishi naye kwa ndugu zao Ujiji. Mimi nilikuwa nimekariri kwa Kiingereza. Yeye akitaja neno lake, nami nikitaja langu, kila mmoja alimwona mwenzake mjuaji. Mwalimu Amuri akatuambia tutumie lugha tunayogombania. Na kweli tulikuwa tukigombana kwa Kiswahili, kila siku, na kwa furaha.

Hata hicho Kiswahili hakikuwa kimoja. Ukitoa mchanga kwenye ndoo na sindano ikarejea pale ilipoanzia, mimi nilisema waya umerudi. Yeye alisema umerudia. Nikamwambia kurudia ni kufanya jambo tena, yeye akasema kwao mtu anarudia nyumbani, na nyumbani ni kwake, atarudia apendavyo. Tulilumbana hata mchanga ukamwagika. Mwisho tukapatana: kurudi ni waya kupata urefu wake wa kwanza, na kurudia ni kuuvuta na kuuachia tena na tena, mpaka uchoke. Neno la kuchoka halikuhitaji mjadala.

Lakini neno letu bora lilikuwa lake. Waya unapovutwa, sindano hutembea kwa adabu, mchanga kidogo hatua kidogo. Ghafla hufika mahali ambapo humimini kitu, au unamimina punje tu, na sindano inakwenda yenyewe. Mara ya kwanza tulipoiona, Marsiana aliinua kiganja nisiguse ndoo, akaiangalia sindano ile ikitambaa, akasema polepole: "Sasa umekubali."

Tukapaita mahali pa kukubali. Ukishapapita, hata umwage mchanga wote, waya hurudi kidogo tu, haufiki ulipoanzia. Ukiutazama kwa macho ni waya uleule. Rula ndiyo inajua.

Mimi nilipenda mshindo wa kitu kukatika. Marsiana alipenda kile kimya cha kabla. Ndiyo maana yeye ni Dokta, na mimi nafundisha watoto wanaokunja nyuso, na wala sina kinyongo.

Nje ya banda, maneno hayohayo yalikuwa na kazi nyingine. Mwaka ule ukipita Ujiji sokoni au ukishuka kuelekea bandarini, ulisikia kurudi, kukubali, kuchoka, kuvumilia. Fulani amekubali kurudi. Fulani amechoka kuishi kwa ruhusa za watu. Gari lenye kipaza sauti lilipita likisema Kongo kumetulia. Majirani wa Mama Marsiana walimwambia mwenda kwao si mtumwa, naye aliwaitikia kwa kichwa, kwa sababu alikuwa ameshaamua.

Mama Marsiana aliuza mawese sokoni Ujiji, mwanamke mrefu, mcheshi, ambaye ukimwamkia shikamoo alikuitikia kisha akakuuliza umekula nini, na jibu lolote ulilotoa halikumridhisha. Mume wake alikuwa amepotea katika vita. Aliyebaki Baraka alikuwa mama yake mzazi, bibi kizee, pamoja na michikichi ambayo mumewe aliipanda na ambayo sasa watu wengine walikuwa wanaivuna. Asiporudi upesi, bibi angekufa peke yake na michikichi ingepata wenyewe wapya. Na mtoto alikuwa na mmoja tu, Marsiana. Alivyopanga, wangerudi wote wawili kwa meli ya wiki inayofuata.

Marsiana alikuwa na mpango mwingine, nao hakuwa amemwambia.

Mwalimu Amuri alikuwa amesoma na kijana wa Buzebazeba aitwaye Telesphory, ambaye sasa alikuwa daktari wa uhandisi katika chuo kikuu Dar es Salaam. Si wa sindano, wa chuma na saruji. Daktari Telesphory alikuwa amepata fedha za kuchunguza matofali yaliyochanganywa na nyuzi za mchikichi, na alitafuta kijana mmoja atakayesomeshwa shahada huku akifanya kazi katika maabara yake, akivunja matofali hayo na kueleza kwa nini yamevunjika. Nafasi ilikuwa moja. Mwalimu Amuri alimtajia jina la Marsiana, na Daktari akasema atakuja Kigoma kumsaili mwenyewe, na akimpenda atashughulikia ruhusa zake zote za ukimbizi.

Nilimuuliza Marsiana kwa nini hamwambii mama yake. Akasema akipata atamwambia, na akikosa hakuna cha kumwambia. Nilimwona mwoga. Leo nina binti wa umri wake, na sina uhakika kwamba ulikuwa woga.

Usaili ulipangwa asubuhi, katika ukumbi wa shule. Jambo ambalo hakuna aliyetuambia ni kwamba asubuhi hiyohiyo ukumbi ulikuwa umetolewa pia kwa watu wa kuandikisha wanaorudi, wale wa mjini wasioishi kambini. Tulipofika tulikuta meza, mwanamume mwenye miwani na shati jeupe ameketi nyuma yake, na watu wachache kwenye benchi. Marsiana hakuwahi kumwona Daktari Telesphory. Mimi pia. Mwanamume yule alionekana msomi, na alionekana amechoka, na sisi tulidhani hivyo viwili huenda pamoja. Mwalimu Amuri alikuwa ameenda stesheni kumpokea mgeni wake, na tukadhani tu kwamba wamepishana.

Marsiana akaketi. Mimi nikabaki ukutani. Mwanamume yule aliuliza jina, akaandika. Mkononi alikuwa na klipu ya karatasi aliyoikunjua, akawa anaipinda na kuinyoosha, anaipinda na kuinyoosha, kama watu wanavyofanya kazi ikiwachosha. Bila kuinua kichwa akauliza:

"Kurudi?"

Niliona mabega ya Marsiana yakishuka kwa raha. Mwalimu Amuri alikuwa amemwambia kwamba Daktari ataanza na jambo jepesi, na hapa palikuwa na klipu, na swali, na neno letu lenyewe. Akakivuta kiti mbele.

"Inategemea kimevutwa kiasi gani," alisema.

Mwanamume yule akainua kichwa. Kwenye benchi watu walitega sikio, wakijua wanasikia fumbo, na hakuna mtu wa pwani ya ziwa hili anayeacha fumbo limpite. Na mimi, kwa kugeuza shingo tu, nikamwona Mama Marsiana mlangoni. Amevaa kitenge chake cha kanisani, mkononi kadi yake ya ukimbizi. Ndipo nilipoelewa ile ni meza ya nani: yule alikuwa karani wa kuandikisha wanaorudi. Nikamwashiria Marsiana kwa mkono, lakini alikuwa amenipa mgongo.

"Kikivutwa kidogo kinarudi chote, hakina neno," Marsiana aliendelea, kwa sauti ile ya bandani, ya mtu anayependa anachokisema. "Lakini kipo mahali pa kukubali. Kikishapapita, ukikiachia kinarudi kidogo tu. Pale kilipoanzia hakifiki tena. Kwa macho utaona ni kilekile, lakini kimeshabadilika ndani, na hakuna aliyekosea, ndivyo kilivyo."

Mama mmoja kwenye benchi aliguna. Karani alikuwa ameweka kalamu chini.

"Na kikilazimishwa?" aliuliza, na nadhani aliuliza kwa dhati, maana alikuwa ameandikisha watu miezi mingi.

"Kikilazimishwa kwenda na kurudi, kinachoka. Hakisemi kama kimechoka. Siku moja kinakatika, tena kwa mzigo mdogo ambao jana kiliubeba."

Karani alitazama klipu yake, akaiweka mezani kwa uangalifu. Kisha akamuuliza binti, kwa heshima ambayo hakuwa nayo mwanzoni, basi amwandike vipi. Marsiana akatabasamu, hakuelewa swali, akageuka kunitafuta. Akamwona mama yake.

Mama Marsiana alishatembea mpaka mezani. Aliweka kadi yake mbele ya karani, akailaza vizuri kwa kiganja.

"Andika miye peke yangu," alisema. "Huyu mutoto anabakia."

Sijawahi kuona uso ukielewa jambo polepole vile. Marsiana alitazama klipu, akamtazama karani, akatazama watu wa benchi waliokuwa wakimtazama kama aliyesema maneno mazito mbele ya mzazi. Alifungua mdomo. Mama yake alimpapasa kichwa, akamwambia akanawe uso, na akatoka nje kwenda kumngoja.

Daktari Telesphory alifika jua limeshapanda, mwanamume mfupi wa vicheko aliyesema Kiha na kila mtu njiani kutoka getini. Walikaa na Marsiana kibarazani. Alimuuliza maswali, naye alijibu kwa macho mekundu, kwa maneno yetu yaleyale, na Daktari akamwomba aeleze tena mahali pa kukubali akaandika kwenye kiganja chake. Alimpa nafasi hapohapo. Nilimkumbatia Marsiana nikapiga kigelegele peke yangu, maana yeye alikuwa amesimama tu kama mtu aliyeibiwa.

"Mama anaondoka peke yake kwa sababu ya klipu," aliniambia. "Anadhani nilimwambia yeye."

Nikamwambia basi amwambie ukweli. Enzi hizo nilikuwa mtu wa ukweli, tena wa kupaza sauti. Nilisema, mwambie ulikuwa unasema waya, halafu mwambie na nafasi uliyopata, mwamue wawili.

Alijaribu. Wiki ile nilishinda kwao Ujiji kusaidia kufunga mizigo, na nilimwona akijaribu. Kila alipoanza, mama, ile siku pale mezani, mama yake alikumbuka jambo. Chumvi haijafungwa. Sufuria kubwa iko kwa jirani. Hebu Marsiana shika kamba hii. Habari za nafasi ya Dar es Salaam alizipokea kwa furaha, akazitangaza soko zima, akasema mtoto wake atakuwa daktari wa matofali. Lakini za mezani hakuzipa mlango. Marsiana alidhani mama yake ameumia na hataki kuguswa kidonda. Mimi pia nilidhani hivyo.

Siku ya meli tulishuka bandarini watatu, na kikapu, na godoro, na dumu la mawese la kumpelekea bibi, kana kwamba Baraka hakuna mawese. Watu walikuwa wengi, wengine wakiimba, wengine wakilia, wengine wakifanya vyote viwili. Marsiana aliniambia akiwa amebeba godoro kichwani kwamba atasema leo, hapohapo, kabla mama hajapanda, na mama akisema neno moja tu la kumtaka, atapanda naye. Nguo zake chache alikuwa amezitia kwenye kikapu alfajiri bila mtu kujua.

Mama Marsiana alinivuta mkono tukasimama nyuma ya magunia. Alinishika kwa nguvu.

"Skola, mwanangu. Pale mezani ilikuwa waya, si vile?"

Nilitaka kusema jambo refu. Nikasema, "Ndiyo, mama. Ilikuwa waya."

"Minajua. Nyumbani kwangu kila siku ni waya tu, mpaka kwa chakula." Alicheka kidogo, na machozi yakatoka bila yeye kuyajali. "Nguo zake pia nimeziona kwa kikapu. Nimezitoa. Sasa usimwache aseme. Akiniambia ni waya, nitamwambia twende."

Mimi, mtu wa ukweli, nikamwahidi kwamba maadamu yeye yu hai, Marsiana hatalijua hili kwangu. Mama Marsiana alifuta uso kwa ncha ya kitenge, akatoka nyuma ya magunia, akamwambia binti yake kwamba amesahau mkate wa safari, na kwamba Skola anajua duka. Nikamshika Marsiana mkono. Alisita. Nikamvuta, nikasema meli haiondoki sasa hivi, na nikampeleka duka la mbali, nikabishana na mwenye duka kuhusu mkate wa jana na wa leo mpaka yule mtu akanichukia.

Mama Marsiana alizikwa Baraka mwaka jana, uzeeni, kati ya michikichi yake. Ndiyo maana sasa naandika. Ahadi niliyompa ilikuwa na mwisho, na haya maneno nitampelekea Marsiana kabla sijambandikia tangazo lake la mwaka huu.

Tuliporudi kutoka dukani siku ile, ngazi ilikuwa imeshapandishwa. Marsiana alikimbia mpaka ukingoni mwa gati na mkate wake kifuani, akamwona mama yake amesimama kwenye reli ya meli, juu yetu, si mbali. Akamwita, king'ora cha meli kikalia mara moja kikakoma. Akaanza kusema yote, kwa Kiswahili cha kwao, kwamba ilikuwa klipu, alisema waya tu, hakumsema yeye, hakuwahi kumsema yeye.

Mama Marsiana aliweka kiganja sikioni na kutikisa kichwa kwamba hasikii. Mwanamke aliyekuwa kando yake alisikia vizuri, akamgeukia ampe maneno. Niliona Mama Marsiana akimbana mkono bila kumtazama, mpaka yule mwanamke akanyamaza. Akaendelea kutikisa kichwa, akitabasamu, kiganja sikioni, meli ilipokuwa ikigeuka.

Marsiana analaumu king'ora cha meli mpaka leo.